Ndama Aliyeharishwa na Macho Yangu

Ndama yule aliharishwa na njaa na ndoo chafu. Naanza na hilo kabla sijasema lingine, maana wako watu huku Shinyalu watakaokwambia mpaka leo kwamba aliharishwa na macho yangu. Wamezeeka na neno hilo. Mimi nililikataa nikiwa nalia, nikalikataa nikiwa nacheka, na sasa nina mvi na bado nalikataa.

Ilikuwa miaka ya tisini, mume wangu ndiyo tu amezikwa. Aliugua kifua, akakonda, akaenda. Na miaka ile mtu akikonda kisha afe, waombolezaji walikuwa wanakula ingokho zako, kuku uliowachinja wewe, huku wanakutazama wewe mjane shingoni, kuona kama na wewe mifupa imeanza kutokeza. Matanga hayajapoa vizuri, ndugu yake mkubwa akaanza kuja na kuketi kwenye kiti cha marehemu bila kuambiwa karibu. Alikuwa amekuja kurithi.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi si jembe."

Akacheka. Nikarudia tena wiki iliyofuata, na iliyofuata, mpaka akaacha kucheka. Aliondoka na koti la marehemu na baiskeli yake, mimi nikabaki na watoto na jina jipya: yule aliyekataa kurithiwa.

Hakuna aliyekuja kuniambia nimetengwa. Akufukuzaye hakwambii toka. Unafika kisimani, mwenzako anakumbuka kwamba ameacha sufuria motoni. Unapita kando ya shamba lililopandwa jana, mwenyewe anasimama mpaka umalize kupita. Na juu ya yote hayo, usiingie zizini kwa mtu, hasa kukiwa na kilichozaliwa. Mjane wa namna yangu, walisema, ana kitu machoni.

Sasa, kabla mume wangu hajaugua, sisi wanawake wa kanisa tulikuwa na kikundi, na mradi mmoja wa wageni ulitupa mtamba wa gredi, wa maziwa mengi, mweusi na mweupe, mzuri kama picha ya kalenda. Mpango ulikuwa rahisi. Mmoja wetu anafuga, na ndama jike wa kwanza anakwenda kwa mwenzake, na wa huyo kwa mwingine, hivyo hivyo mpaka kila mtu apate. Wa kwanza alikuwa jirani yangu, ambaye pia ndiye alikuwa mwenyekiti. Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama, hatukushangaa. Wa pili tulipiga kura, na kura ikaniangukia mimi. Jina lilitoka mbele ya watu wote, na hata baada ya mimi kuwa mjane hakuna aliyejua namna ya kulirudisha kapuni.

Ili upewe ndama ilibidi uwe na banda na majani ya nepia ya kumlisha. Nepia nilipanda. Mabati ya banda nilibandua kwenye paa la jiko langu, basi nikawa napika mvua ikininyeshea mgongoni, na mvua ya Kakamega mnaijua, mchana haikosi. Watoto walikuwa wanakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, huku wanalitazama lile banda tupu. Shemeji akipita njiani anauliza kwa sauti, "Hiyo nyumba ya bati ni ya mwanaume gani?" Nilikuwa nasaga meno. Nilijua ng'ombe yule akiingia mle, watoto watakunywa maziwa, na mimi nitakuwa mwanamke mwenye mali yake, na maneno mengi yatakosa mahali pa kukaa.

Siku ng'ombe alipozaa, mwenyekiti mwenyewe aliniita juu ya ua. "Mama, kimbia! Njoo uone mtoto wako! Ni jike!"

Nikakimbia. Niliruka ua na leso yangu, nikasahau kabisa kwamba mimi ni mjane. Nikaingia bandani, nikapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, nikamshika kipaji cha uso. Alikuwa bado ana utelezi. Nikasema asante Mungu, asante Mungu, kama kichaa.

Nilipoinua uso, mama mkwe wa mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni na sufuria.

Alikuja kuchukua dang'a. Kwao, maziwa yale mazito ya kwanza ng'ombe akizaa ni ya wazee wa boma. Wanayachemsha yanashikana kama mayai, wanaitana, wanakula kwa kijiko, na anayewanyima hana adabu. Lakini mwalimu wa mradi alikuwa ametuimbia jambo hilo mpaka tukalijua kama sala ya Baba Yetu: dang'a ni ya ndama, tena anywe mapema, maana kinga yake yote imo humo, na asipoyapata anabaki mtupu mbele ya kila ugonjwa. Mwenyekiti alikuwa ameketi mstari wa mbele siku hiyo. Alitikisa kichwa kuliko sisi wote.

"Kukhu," nikamwambia bibi yule, "mwachie ndama kwanza, hata kidogo."

"Ndama atakunywa kesho. Mimi kesho naweza kufa." Watu wakacheka. Kisha akanitazama kama ndiyo ameniona sasa. "Na wewe? Nani alikuingiza hapa?"

Mwenyekiti aliangalia miguu yake. Sufuria ikajaa. Nilitoka, na nilipofika upande wangu wa ua nikasikia kijiko kinagonga bakuli.

Haikuchukua siku nyingi ndama akaanza kuendesha. Maji meupe, yenye harufu mbaya, yanashuka miguuni mpaka kwato. Nani angeshangaa? Hakupata dang'a, na ndoo aliyonyweshewa ilikuwa ile ile ya kuoshea vyombo, ina ukoko pembeni. Lakini habari iliyofika kisimani haikuwa ya ndoo. Ilikuwa ya mjane. "Aliingia zizini. Alimshika kichwani kabisa." Habari hiyo ilifika Malava kabla mimi sijafika sokoni.

Na dawa yao ilikuwa nini? Kwanza, wamnyime maziwa ili tumbo likauke. Pili, zile kapsuli za rangi mbili za dukani, unafungua unamimina kwenye maji. Kwa kapsuli hizo walikuwa wanawapanga mtu wa kikohozi, mtu wa tumbo, kuku aliyelegea na ng'ombe aliyevimba, wote foleni moja. Na maziwa aliyonyimwa ndama yalikwenda wapi? Yalitiwa kwenye kopo, kila asubuhi, yakapelekwa mjini kwenye hoteli ya chai. Yaani njaa ya ndama wangu ilikuwa inakorogewa sukari na watu nisiowajua.

Nilisimama kwenye ua nikamwita mwenyekiti. Akaja na macho mekundu.

"Mama, nisamehe. Mama mkwe amesema ukikanyaga hapa tena, ndama atakufa."

"Na mimi nisipokanyaga, anakunywa nini?"

 Alikuwa anavuta nyuzi za sweta yake.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililokuwa linaumia lilikuwa moja tu. Nilivaa viatu, nikafuata njia ya msituni kwenda kwa daktari wa mifugo mmoja aliyekuwa anakaa upande ule. Alikuwa amesomea Urusi, zamani wakati ikiitwa Usovieti. Serikali ilipokuwa inapunguza wafanyakazi, yeye alipunguzwa, akarudi nyumbani kufuga ng'ombe wake. Watu walimwona kama mtu aliyesoma mpaka akapitiliza.

Nilimweleza kila kitu. Akaniuliza umri wa ndama, rangi ya mavi, kama anasimama. Kisha akafungua friji, na katikati ya sukuma wiki na chupa ya maziwa akatoa kichupa kidogo chenye maji ya rangi ya chai nyepesi. Mwenzake waliyesoma pamoja alikuwa amemletea vichache kutoka kule, na alikuwa amevijaribu kwa ndama zake mwenyewe.

"Hii si kama zile kapsuli," alisema. "Kapsuli zimetumika ovyo mpaka wadudu wa tumbo wamezizoea. Humu ndani kuna viumbe vidogo kuliko hao wadudu. Kimoja kinamshika mdudu, kinaingia ndani yake, kinazaana humo humo, halafu kinampasua."

"Kama shemeji aliyekuja kurithi."

Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. "Lakini hawa, mama, wadudu wakiisha nao wanaisha. Hawana pengine pa kula."

"Basi si kama shemeji. Wanaitwaje?"

Akasita. "Kwa ukweli, ni aina ya virusi."

Nikakirudisha kile kichupa mezani polepole. Miaka hiyo neno hilo lilikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa huo ndio waliokuwa wananong'ona nao nyuma ya jeneza la mume wangu. "Daktari," nikamwambia, "kwenye boma lile usilitamke. Sema dawa. Ukilitamka, watasema mjane ameleta virusi kwenye maziwa ya watu, na mimi sitakuwa na mahali pa kukaa."

Akaelewa. Alikuwa mtu mzima. Lakini hakuniahidi makubwa, na hilo liliniudhi, maana nilikuwa nimetembea mbali kutafuta ahadi. Alisema hivi viumbe vinachagua: kama mdudu anayemharisha ndama si yule wanayemla, basi nimempa maji tu. Na hata akiwa ndiye, ndama aliyekauka haokolewi na kichupa. "Kinachoua ni kukauka. Apewe maji yenye chumvi na sukari, mara kwa mara. Na maziwa asinyimwe, hata tone. Usipoweza hayo mawili, kichupa chako kiache hapa."

Alikuja na baiskeli, amevaa tai na gambuti. Yeye walimkaribisha, wakampangusia kiti. Mimi nikabaki nje ya ua, naangalia kupitia majani kama mbwa wa jirani. Alimvuta ndama ngozi ya shingo akaiachia, na ngozi ikabaki imesimama kama leso iliyokunjwa. Macho yalikuwa yameingia ndani. Ningesema nililia kwa huruma, lakini nililia kwa hasira.

"Alipewa dang'a?" daktari akauliza.

 Kuku walikuwa wanachakura. Mwenyekiti akakohoa.

"Waliila!" nikapiga kelele kutoka huku nje. "Waliila yote na kijiko!"

"Nani anaongea huko?" bibi akafoka. "Si nilisema huyo asikaribie?"

Daktari hakuinua kichwa. Aliweka baking soda kidogo kwenye maji vuguvugu, akasema inatuliza ukali wa tumbo ili ile dawa isife njiani, akamnywesha ndama, halafu akamimina ya kichupa. Akamwachia mwenyekiti kilichobaki, ampe asubuhi na jioni. Akaeleza maji ya chumvi na sukari. Akaeleza maziwa. Akaamuru ndoo isuguliwe kwa majivu na maji moto. Bibi akawa anaitikia, ndiyo daktari, ndiyo daktari, na sauti yake ilikuwa laini kuliko siku ile ya sufuria.

Kesho yake asubuhi nikaona mwenyekiti anatoka na kopo la maziwa kichwani, limejaa mpaka mfuniko umelowa, anaelekea barabarani. Nikakata njia ya shamba la chai, nikamtokea mbele.

"Weka chini."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waangalie! Ndama wa kikundi anakufa njaa na wewe unabeba chakula chake kichwani! Wewe ndiye mwenyekiti! Uliketi mstari wa mbele! Weka chini ama tumwage hapa hapa, mimi na wewe tulambe matope!"

Akaliweka chini. Akaketi kando yake kwenye nyasi akaanza kulia, mtu mzima, leso mdomoni. "Wewe unapiga kelele kwa sababu huna mtu juu yako," alisema. "Yako yalikwisha. Mimi nakaangwa na yule mama kila siku. Nikimpa ndama maziwa ataniuliza ya hoteli yako wapi. Nikichanganya maji ya daktari ataniuliza sukari imetoka kwa nani."

Yako yalikwisha. Hilo lilinikata. Mume wangu alikuwa udongoni, na huyu ananiona mwenye bahati. Nilitaka kumzaba kofi. Lakini nilitazama lile kopo, nikakumbuka ile ngozi iliyosimama, nikajiuliza kofi litamnywesha nani.

Tukakubaliana pale pale. Maziwa ya ndama atayatoa kwanza, kabla mama mkwe hajatoka kwenye sala zake, na kilichobaki kiende hoteli; akiulizwa, aseme ng'ombe amepunguza. Maji nitayachemsha mimi, nitie chumvi na sukari, niyapitishe kwenye ua ndani ya chupa ya juisi. Akiulizwa yametoka wapi, aseme dispensari.

Na bibi akauliza, kama tulivyojua. Mwenyekiti aliponisimulia nilikaa chini. Bibi alionja kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa akasema, "Hii ya dispensari inaonekana ina nguvu. Si kama uchawi wa watu fulani." Sukari ilikuwa yangu! Watoto wangu walikuwa wanakunywa strungi bila sukari ili bibi yule aisifu dispensari!

Lakini ndama aliinuka. Kwanza masikio, kisha shingo, kisha asubuhi moja mwenyekiti akaniambia amepiga ndoo teke. Mavi yakaanza kushikana. Macho yakarudi mahali pake. Nilimwuliza daktari, "Ni kichupa, sivyo?" Akasema, "Sijui, mama. Labda kichupa. Labda maji na maziwa. Labda vyote." Woi, nilimkasirikia! Nilitaka neno moja zito la mtu aliyesoma, nikawapige nalo usoni. Hakuwa nalo, na hakutaka kulitunga.

Wenzangu hawakuwa na shida hiyo. Wao neno walikuwa nalo tayari. "Mmeona? Tangu mjane azuiwe kuingia, ndama amepona." Hilo ndilo lilizunguka. Sukari yangu, miguu yangu, kelele zangu kwenye shamba la chai, vyote vikafutwa, kikabaki kitu kimoja walichokipenda: kwamba niliponya kwa kukaa mbali.

Siku ya kukabidhiwa ndama ilifika, ameshaachishwa maziwa, mgongo unang'aa. Ilikuwa sherehe kwa mwenyekiti. Ngoma ya isukuti ililia tangu asubuhi, pasta alikuja, wageni wa mradi walikuja, chapati zilikuwa zimepangwa kwenye beseni. Mimi niliketishwa nyuma kabisa na wanawake wa jikoni, ingawa ndama alikuwa wangu.

Bibi akapewa nafasi ya kusema. Akaeleza jinsi boma lake lilivyomlinda ndama huyu dhidi ya jicho baya. Hakunitaja. Hakuwa na haja, maana shingo zote ziligeuka. Kisha akasema mali haikabidhiwi kwa boma lisilo na kichwa, akaita mbele kichwa cha boma letu.

Shemeji akatoka, amevaa koti la marehemu. Bibi akamtia kamba mkononi. Watu wakapiga makofi. Shemeji akasafisha koo akasema, "Nitamwangalia ng'ombe huyu, pamoja na mama wa watoto."

Kila mtu alielewa alichosema. Hata pasta alielewa, akatazama biblia yake. Nilikuwa na sahani mapajani. Niliiweka chini ili isivunjike, nikasimama. Isukuti ikanyamaza yenyewe.

"Shemeji," nikasema, "mwinue mkia huyo ng'ombe."

"Nini?"

"Mwinue mkia. Ndiko ugonjwa ulikotokea. Ulimwona wakati maji yanashuka miguuni? Ulileta hata kiganja cha chumvi? Koti ulichukua, nikanyamaza. Baiskeli ulichukua, nikanyamaza. Kama umekuja kuoa, pasta huyu hapa, waulize hawa wanawake nani anakutaka."

Wanawake wa jikoni wakapasuka. Mmoja alimwaga chai. Nikamgeukia bibi. 

"Na wewe, Kukhu. Unasema macho yangu yanaharisha. Haya, nitamwangalia sasa, mchana, mbele ya wageni, na nyinyi mwangalieni nyuma. Kikitoka kitu, nitakwenda nyumbani mikono mitupu na sitarudi kwenye kikundi hiki."

Nikamshika yule ndama taya zote mbili, nikamtazama machoni. Alikuwa na kope ndefu.  Nilimtazama mpaka miguu ikaanza kuniuma, na yeye akanitazama, kisha akachoka, akavuta pindo la leso yangu akaanza kulitafuna. Nyuma hakukutoka kitu. Nilisikia mwenyekiti analia, na kwa mara ya kwanza akafungua mdomo mbele ya mama mkwe wake. "Maji ya dispensari yalikuwa ya huyu," alisema. "Yote. Hakukuwa na dispensari."

Bibi akatafuta kiti.

Nikanyoosha mkono kwa shemeji. Hakuachia. Basi nikaanza kumfungua vidole, kimoja baada ya kingine, naye ana nguvu kuliko mimi. Lakini mwanaume wa kwetu hawezi kung'ang'ania kamba na mwanamke mbele ya pasta na wageni, watu wanacheka. Nilipofika kidole gumba akaiachia kamba mwenyewe. Nikaondoka na ng'ombe wangu kabla chapati hazijagawanywa.